Mamangu amesainiwa ruzuku ya pamba na hajapata kitu. Hio listi ni siri ama tunaeza kuiona?

fundi_umoja

Wadau habari za jioni. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Umoja, mamangu ako ushago upande wa magharibi, kaunti sitataja juu bado anaishi na hao watu na anakutana nao sokoni. Analima pamba, ekari moja na nusu hivi, amelima tangu nikiwa mtoto, hata karo yangu ya msingi ilitoka hapo.

Msimu uliopita walitangaziwa kwa baraza ya chifu kuna ruzuku ya serikali, mbegu ya BT ya bure (ile imebadilishwa jeni ijikinge na viwavi) na dawa ya kupuliza, mtu alete kitambulisho aandikwe. Akaandikwa. Akangoja, mvua ikaanza, majirani wengine wakapanda, yeye akazidi kungoja juu aliambiwa zamu yake inakuja, mwishowe akapanda mbegu ya zamani alikua ameweka kwa debe na ikaota hapa moja pale moja. Baadaye akaenda ofisi moja ya kilimo huko kuuliza, karani akafungua rejista akamwonyesha, mama wewe ulishachukua, kwani jina si hili hapa? Sahihi si hii hapa?

Sasa sikizeni. Mamangu hajui kuandika. Tangu nizaliwe kila karatasi anapiga kidole gumba. Hio sahihi ilikua ya kalamu, imeviringwa vizuri na mstari chini.

Alinipigia simu usiku analia, na kilichomuuma si mbegu, ni venye jina lake limekaa kwa kitabu cha serikali linasema amekula kitu hajakula. Nilienda mwenyewe wikendi iliyofuata nikaomba nione rejista yote ya wadi, nikaambiwa haiwezekani, hizo ni habari za siri za wakulima, niende na barua. Barua ya nini na kwa nani hakuna mtu alisema.

Sasa nauliza, kwanza hio listi ni siri kweli? Pesa ni ya umma. Pili, mteja wangu mmoja aliniambia Marekani mkulima wa pamba akipewa pesa ya serikali jina lake na pesa alizopata ziko wazi kwa intaneti, mtu yeyote anaona. Ni kweli ama ni stori? Na kama wao wanaeza sisi tunashindwa na nini?

Kasarani_Dada

Pole sana kwa mama, hio ya kusainiwa inauma kuliko kunyimwa. Ya Marekani ni kweli kabisa na nitakuelezea juu niliifuatilia sana nikiwa chuo, na kitu wengi hawajui ni kwamba mlango ulifunguliwa na pamba yenyewe, si mahindi si ngano.

Ilikua hivi. Wao wana sheria ya kuomba habari za serikali tangu 1966. Gazeti la Washington Post liliomba wizara yao ya kilimo majina ya watu wanaolipwa ruzuku ya pamba. Wizara ikakataa na sababu ile ile umepewa wewe, ati ni habari za kibinafsi za mkulima. Gazeti likaenda kortini, na mwaka 1996 jaji wa Washington akaamua majina yatolewe. Hoja ni kwamba hizi ni pesa za biashara zinazotoka kwa mlipa ushuru, kwa hivyo haki ya wananchi kujua zinaendaje inazidi ile faragha ndogo ya mtu kutotajwa kwamba alilipwa. Baada ya hapo shirika moja la mazingira linaitwa Environmental Working Group likaomba rekodi za ruzuku zote za kilimo, na Novemba 2001 likaziweka kwa intaneti, unaandika jina ama namba ya posta inakuja listi nzima na dola zake.

Hapo ndio watu walishangaa. Walikua wanaambiwa ruzuku ni ya kumwokoa mkulima mdogo, kumbe sehemu kubwa inaenda kwa wachache wenye mashamba makubwa. Wakapata mpaka watu maarufu, Scottie Pippen yule wa basketiboli na bilionea Ted Turner, hao si kwa pamba lakini walikua kwa listi ya pesa za kilimo. Na kwa pamba kulikua na ule mchezo wao wanauita mti wa Krismasi wa Mississippi. Sheria iliweka kiwango mtu mmoja asipite, basi shamba moja linagawanywa kwa makaratasi, kampuni ya baba, kampuni ya mke, kampuni ya watoto, ukizichora zinatoka matawi matawi kama mti, kila tawi linapokea lake. Shamba ni lile lile, trakta ni ile ile. Bila majina kuwekwa wazi jirani hangejua, juu huwezi kujumlisha vitu huvioni.

Sisemi wamemaliza shida. Ruzuku bado wanalipa na wakubwa bado wanapata. Lakini mtu akibisha kule anabisha akiwa na namba mkononi.

mzee_wa_jineri

Nimefanya kazi jineri miaka mingi, ya kuchambua pamba, nimepima kilo za akina mama kama huyo wako mpaka mgongo ukapinda. Nataka kuongeza kwa haya ya Marekani manake yalitugusa sisi bila kujua.

Mwaka 2002 shirika la Oxfam lilitoa ripoti, wakulima wa pamba wa Marekani kama 25,000 walipata karibu dola bilioni 3.9 kwa msimu mmoja wa 2001/02. Mkulima akishalipwa hivyo bei ya soko ikianguka yeye haskii, anaendelea kulima, pamba inazidi kujaa duniani, bei inazidi kushuka. Anayeskia ni huyu wa ekari moja. Marais wa Mali na Burkina Faso, Touré na Compaoré, waliandika kwa gazeti la New York Times Julai 2003 wakisema ruzuku zenu zinatunyonga. Brazil nao wakashtaki Marekani kwa shirika la biashara duniani, kesi ilianza 2002, wakashinda, mpaka 2014 ndio walimalizana na Marekani wakatoa dola milioni 300.

Na hapa Nairobi pale KICC Desemba 2015 ndio mkutano wa hilo shirika ulifanyika, mara ya kwanza Afrika, Amina Mohamed akiwa kwa kiti. Wakakubaliana ruzuku za kuuza pamba nje zikome, nchi tajiri mara moja, zinazoendelea mwisho Januari 2017. Nilifurahi siku hio. Lakini ile ruzuku kubwa ya kumlipa mkulima nyumbani kwake hawakuimaliza.

Sasa mnielewe kwa nini nasema haya. Brazil walishinda juu walijua nani analipwa nini, mwaka gani, kwa sheria gani. Waliingia na makaratasi. Sisi huku mkulima wetu hajui hata ni mifuko mingapi ya mbegu ilikuja wadi yake, atashtaki nani?

Mkulima_Kibwezi

Mimi nitapinga kidogo msinikasirikie. Nalima pia, ndengu na pamba kidogo. Mkiweka majina kwa intaneti ati fulani wa kijiji fulani alipewa kitu cha serikali, kesho watu wa mikopo ya simu wako mlangoni, jamaa wa ukoo wanakuja kukopa, wezi wanajua nani ako na dawa kwa stoo. Marekani mkulima ako na uzio na bunduki. Mama wa ekari moja ako na mlango wa mbao. Na kuna wajane ambao ndugu za mume hawajui wanapata nini na ni vizuri wasijue. Siri ingine inalinda maskini jameni, si zote ni za wezi.

Kasarani_Dada

@Mkulima_Kibwezi hujakosea hata kidogo na Ulaya walifika mpaka kortini kwa hio hoja. Walianza kuchapisha majina ya wote wanaopata pesa za kilimo za umoja wao, kisha wakulima wa Ujerumani wakashtaki, na Novemba 2010 mahakama kuu ya Ulaya ikasema huwezi kumwanika mtu binafsi hivyo bila kutofautisha aliyepata kidogo na aliyepata kingi, ya kampuni ikaacha iendelee. Hawakufunga mlango moja kwa moja lakini. Baadaye wakaandika sheria upya, majina yakarudi, ila mkulima mdogo sana aliyepata chini ya kiwango fulani jina lake linafichwa, kiasi kinabaki. Na huko pia kuna pamba, Ugiriki na Uhispania wanalipwa ruzuku yake.

Kwa hivyo kuna njia ya katikati. Namba ya kitambulisho na ya simu zisitoke kamwe, hata hapa tuna sheria ya kulinda data ya 2019. Lakini jina, kijiji, na kilo ngapi za mbegu, hio sioni inamuumiza nani.

fundi_umoja

Asanteni sana, nimesoma yote nikiwa kazini mpaka nimechoma shati ya mtu na pasi.

Bro wa Kibwezi nimekuelewa lakini fikiria hii. Mamangu siri haijamlinda. Wale walioandika sahihi yake wameona jina lake, wameona kitambulisho chake, wanajua shamba lake. Mtu pekee listi imefichwa ni yeye na majirani zake. Mimi sitaki kujua nani alipata nyingi kama huko Marekani, mimi nataka kujua nani ameandikwa amepata na hajapata. Na huyo hawezi kujitokeza kama hajui ameandikwa. Mama mwenyewe alijua kwa bahati juu karani alikua na haraka akafungua kitabu.

Nimempigia jana nikamuuliza wengine wako aje. Anasema wanawake wanne wa kikundi chake pia walingoja zamu haikufika. Hakuna hata mmoja ameenda kuuliza.

karani_mstaafu

Kijana wangu, nimekaa nikisoma mazungumzo yenu. Nilikuwa karani wa serikali miaka thelathini na moja, rejista nazijua, na mengine niliyoyaona sitayaandika hapa. Nitakujibu swali lako la kwanza ambalo watu wameliruka, kama listi ni siri.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inasema kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ikatungwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kueleza jinsi ya kuzipata. Inahusu serikali kuu na inahusu kaunti pia. Usikubali kuambiwa tu uende na barua ukarudi nyumbani, barua ndiyo silaha yenyewe.

Barua yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imetaja lugha zote mbili. Na hili lisikie vizuri kwa ajili ya mama: mtu asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala. Huhitaji kueleza unaitaka kwa nini. Kuomba hakulipiwi, labda gharama ya kutoa kopi tu. Wana siku 21 za kujibu, wanaweza kuongeza 14 mara moja tu kama kazi ni kubwa. Wasipojibu, kimya chao kinahesabika kuwa wamekataa, na hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, iko Nairobi na ina meza kwenye baadhi ya Huduma Centre. Malalamiko hayo pia hayalipiwi.

Kuna vizuizi, faragha ya mtu ikiwa mojawapo, na hicho ndicho watakitumia. Kwa hivyo usiombe vitambulisho wala simu. Usiombe "rejista yote" kwa jumla, hapo watasema kazi ni nyingi. Omba hivi, ningeandika mimi:

*Mimi ni raia wa Kenya na mkulima wa pamba. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 naomba kupewa haya kuhusu mbegu na dawa za ruzuku za msimu uliopita katika wadi yetu: idadi ya mifuko ya mbegu na chupa za dawa zilizopokelewa, tarehe zilipopokelewa na kutoka wapi, idadi iliyogawiwa na iliyobaki, orodha ya walioandikwa kuwa wamepokea, jina, kijiji na kiasi, bila namba za kitambulisho wala simu, na nakala ya ukurasa ambapo jina langu limetiwa sahihi.*

Ukurasa wake mwenyewe hawana namna ya kuunyima, ni habari zake. Barua iwe mbili, moja wapige muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri siku 21 hazina mwanzo. Wakikataa kupiga muhuri, tuma kwa posta ya rejista, risiti itakuwa ushahidi.

Jambo la mwisho. Ile sahihi ya kalamu usiwaambie sasa kwamba unajua si yake. Pata kopi kwanza. Nimeona kurasa zikiandikwa upya usiku mmoja.

nyuki_wa_South_B

Karani umeandika vizuri sana, natoa kofia. Naongeza kitu kimoja cha India juu kinafanana na haya ya mama mpaka nikaskia baridi.

Kule Rajasthan miaka ya tisini kulikua na chama cha vibarua na wakulima kinaitwa MKSS, mmoja wa waanzilishi ni mama anaitwa Aruna Roy. Vibarua wa kazi za serikali walikua wanalipwa kidogo kuliko kiwango, wakiuliza wanaambiwa rejista ni siri. Wakatafuta nakala kwa shida, kisha kuanzia Desemba 1994 wakaanza kuita watu wa kijiji wote wakae chini ya turubai, na mtu mmoja anasoma rejista kwa sauti. Fulani bin fulani, siku kumi na mbili, amelipwa. Anasimama jamaa anasema huyo alikufa. Mwingine anasema mimi niko lakini hio kazi sijawahi kuiona. Hawakuhitaji mkaguzi kutoka mjini, kijiji chenyewe ndio mkaguzi juu kila mtu anajua nani yuko, nani alihama na nani tulimzika.

Hio harakati ndio ilichangia mpaka India ikapata sheria ya haki ya habari mwaka 2005, na ndani ya hio sheria wameandika kabisa kwamba ofisi ichapishe venye programu za ruzuku zinaendeshwa, kiasi kilichotengwa na walionufaika. Yaani ofisi itoe yenyewe kabla mtu hajaomba.

Na hapa ndio naona jibu la ndugu wa Kibwezi. Si lazima iende kwa intaneti ambapo mtu wa Nairobi ama mwizi wa mbali anaona. Isomwe kwa baraza ile ile waliandikishwa. Kama waliita majina hadharani wakati wa kuandika, waite hadharani wakati wa kusema nani amepata.

Mkulima_Kibwezi

Hio ya baraza naikubali. Intaneti bado nina wasiwasi nayo lakini kusoma mbele ya watu wetu, chifu akiwa hapo, hio hata mjane hawezi kuumizwa nayo sana, labda jirani amjue lakini jirani alijua tayari. Na mimi kusema ukweli sijawahi kujua wadi yetu ilipewa mifuko mingapi. Naenda kuuliza pia.

Swali kwa Karani, wale wanne wa kikundi kila mtu aandike yake ama moja ya wote?

karani_mstaafu

Kila mtu yake. Barua moja yenye majina matano ni rahisi kuiweka chini ya faili, barua tano zenye mihuri mitano ni kazi. Na waende pamoja siku moja, mama asiende peke yake.

mzee_wa_jineri

Na jineri muulizeni pia, kila mkulima akileta pamba anaandikwa kilo na daraja, safi ama fifi. Mtu ameandikwa amepokea mbegu ya ekari tano ya BT na hakuleta hata gunia moja, hata kama mvua ilikosa, hapo kuna swali. Rejista mbili zikiwekwa pamoja zinasema vitu moja haisemi. Tulikua tunaona hio zamani, tunanyamaza.

fundi_umoja

Sina la kusema, Mungu awabariki wote. Nimechapisha barua tano hapa saiba ya jirani, shilingi kumi ukurasa, zile za wanawake wa kikundi nimeacha nafasi ya jina.

Nimemsomea mama kwa simu mara mbili. Pale pa "nakala ya ukurasa ambapo jina langu limetiwa sahihi" akaniambia nirudie tena. Nikarudia. Akanyamaza kidogo akauliza kama itabidi asaini hio barua, nikamwambia hapana mama, chini nimechora kisanduku, utapiga kidole vile umekuwa ukipiga.

Nasafiri Ijumaa usiku. Ameshaongea na wale wanne na wamesema Jumatatu saa mbili watakua nje ya ofisi kabla ifunguliwe. Karani, muhuri ukipatikana nitakuja kuandika hapa tarehe tuanze kuhesabu.

karani_mstaafu

Siku ya kwanza ni kesho yake baada ya muhuri. Nitakuwa nahesabu pia.